Kiai: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Ukelele wa Sanaa za Mapigano za Kijapani

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mwanafunzi mpya, mzazi anayesubiri nje ya ukumbi akishangazwa na kelele zinazotoka ndani, na mwenye mkanda mweusi ambaye amepiga ukelele kwa miaka mingi bila kuambiwa kwa nini. Yanaanzia kwenye msingi na kuishia kwenye mambo ya pembeni. Jambo likishaelezwa mahali pamoja halitarudiwa, bali msomaji ataelekezwa huko.

## Msingi

Kiai ni nini?

Kiai ni hali ya nia, pumzi na mwili kufika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mara nyingi hali hiyo husikika kama ukelele mfupi na mzito unaotoka tumboni, ndiyo maana watu wengi hudhani kwamba ukelele wenyewe ndio kiai. Kwa kweli ukelele ni dalili yake, kama mawingu yalivyo dalili ya mvua. Anayepiga ukelele mkubwa ilhali mguu wake umeshatua na mkono wake bado uko njiani ametoa kelele, hajatoa kiai.

Neno lenyewe lina sehemu mbili: "ki", ambalo tutalieleza katika swali linalofuata, na "ai", linalotokana na kitenzi "au", yaani kukutana au kuoana. Wajapani hulitumia hata nje ya ukumbi wa mazoezi. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani huambiwa atie kiai, na hakuna anayetarajia apige kelele darasani.

Kwa sauti peke yake wanalo neno jingine, "kakegoe". Wabebaji wa kihekalu katika sherehe za mitaani huitikiana "wasshoi, wasshoi" ili mabega yao yapande na kushuka pamoja, na hiyo ni kakegoe. Aliyewahi kuvuta kamba au kuinua mzigo mzito kwa mwito wa "harambee" anaijua tayari. Tofauti ni kwamba harambee huunganisha mikono ya watu wengi, ilhali kiai huunganisha viungo vya mtu mmoja.

Je, "ki" ni roho, pepo au jini? Dini yangu itaniruhusu?

Wazazi huuliza swali hili mara nyingi, Waislamu kwa Wakristo, na wanastahili jibu la wazi. Tatizo limeanzia kwenye tafsiri. "Ki" likifasiriwa kuwa "roho", msikilizaji wa Kiswahili hufikiria mara moja uganga na kupandisha mashetani. Lakini katika Kijapani cha kila siku neno hilo limo ndani ya "tenki", yaani hali ya hewa, "genki", yaani uzima, "byoki", yaani ugonjwa, na hata "denki", yaani umeme. Katika kiai, maneno ya Kiswahili yanayolikaribia zaidi ni pumzi, nguvu na ari.

Hakuna anayeitwa wala anayeombwa, na ukelele wenyewe hauna maana ya ibada. Kuinama mbele ya picha ya mwanzilishi au mbele ya kihekalu kidogo kilichowekwa ukumbini ni suala jingine kabisa, na mwenye shaka nalo azungumze na mwalimu kabla ya kujiandikisha. Mwalimu mwema hatakasirika.

Kiai na aiki vina uhusiano gani?

Ni alama mbili zilezile za maandishi zilizopinduliwa. "Aiki" limo katika jina la aikido, sanaa iliyoasisiwa na Morihei Ueshiba (1883–1969). Kwa ufupi, kiai hukusanya nguvu yako mwenyewe, na aiki huoanisha mwendo wako na nguvu ya anayekushambulia. Walimu wa zamani waliandika mengi juu ya mpaka kati ya hayo mawili, lakini kwa anayeanza maelezo haya yanatosha.

Ni neno gani linalotamkwa?

Katika sanaa nyingi hakuna neno maalumu. Sauti zinazosikika zaidi ni "ei", "ya", "to" na "ha", kwa sababu ni fupi na hufungua koo. Kosa la kawaida la wanaoanza ni kutamka neno lenyewe, "kiai!", kama mtu anayeambiwa "imba" akaitikia "imba".

Zipo mahali ambapo sauti imepangwa. Katika Nihon Kendo Kata, mfululizo wa mifumo 10 ya upanga uliowekwa mwaka 1912, anayeshambulia hutamka "ya" na anayejibu hutamka "to". Katika kendo ya mapambano, yaani sanaa ya upanga wa mianzi, na katika naginata, sanaa ya silaha ya mpini mrefu yenye makali, mpiganaji hutaja sehemu anayoipiga, jambo lililoelezwa chini ya swali la kelele za kendo.

## Mwili na pumzi

Sauti itoke wapi?

Simama wima, miguu ikiwa upana wa mabega. Weka kiganja chini ya kitovu, kiasi cha vidole vitatu, mahali ambapo Wajapani hupaita "tanden". Vuta pumzi kwa pua bila kuinua mabega, kisha kohoa mara moja. Umesikia jinsi tumbo lilivyokisukuma kiganja na kukaza papo hapo? Sasa rudia mkazo uleule, lakini badala ya kukohoa sema "ha", mdomo wazi, taya limelegea. Hapo ndipo kiai kinapozaliwa. Kikoromeo ni mlango tu wa kupitia.

Nimewaona watoto wa miaka minane wakilielewa zoezi hili katika dakika mbili, na watu wazima wakilihangaikia kwa miezi. Mtu mzima amezoea kuzungumza kwa kifua na kujizuia. Dalili ya kosa ni rahisi kuitambua: sauti inapanda juu na kuwa nyembamba, mishipa ya shingo inatokeza, mabega yanafika masikioni. Sauti iliyo sawa hushuka, na anayeitoa huonekana mzito zaidi sakafuni.

Je, ni kweli kwamba ukelele huongeza nguvu, au ni imani tu?

Ni kweli, kwa kiasi. Mwaka 1961 Michio Ikai na Arthur Steinhaus walichapisha utafiti ambamo watu walivuta kwa nguvu zao zote kwa misuli ya mkono, tena na tena, huku kila mvuto ukipimwa. Walipopiga ukelele wakati wa kuvuta, nguvu iliyopimwa ilipanda kwa wastani wa takriban asilimia 12. Watafiti hao walieleza kwamba mwili huwa na akiba ambayo ubongo huizuia, na ukelele hulegeza kizuizi hicho kwa muda mfupi. Kwa hiyo ukelele haukupi nguvu usiyokuwa nayo, bali hukuruhusu kuitumia zaidi ile uliyo nayo.

Kuna sababu ya pili, ya kimwili zaidi. Pumzi ikitolewa kwa nguvu, misuli ya tumbo, ya ubavuni na ya kiuno hukaza kwa pamoja, na kiwiliwili huwa kama nguzo. Ngumi haipigwi na mkono peke yake. Husukumwa kutoka sakafuni, hupita mguuni, nyongani na mgongoni kabla ya kufika kwenye kifundo, na kiwiliwili kikilegea katikati ya njia hiyo, sehemu ya nguvu humwagika. Kiai huziba mwanya huo. Faida hiyohiyo hupatikana mwili unapopokea pigo, maana tumbo lililokaza huumia kidogo kuliko tumbo lililojaa hewa.

Kwa nini nisibane tu pumzi na kukaza tumbo kimyakimya?

Wanyanyuaji wa vyuma hufanya hivyo, na kwa mnyanyuo mmoja huwafaa. Mpiganaji ana haja nyingine: anapaswa kupiga, kusogea, kupiga tena na kuendelea kuona. Pumzi iliyobanwa hupandisha shinikizo la damu, hukakamaza mabega na humfanya mtu achoke mapema. Wanafunzi wengi hubana pumzi bila kujijua wanapoogopa, na mwalimu anayewataka wapige ukelele, pamoja na mambo mengine, anahakikisha kwamba wanapumua. Mwenye shinikizo la damu lililo juu au maradhi ya moyo amwambie daktari wake anafanya mazoezi gani, naye aanze na kutoa pumzi kwa sauti ndogo.

Je, ukelele humtisha mpinzani?

Humtisha asiyeuzoea. Aliyeuzoea hatishiki, lakini bado anaweza kucheleweshwa. Mwaka 2010 Scott Sinnett na Alan Kingstone walionyesha watu video za mipira ya tenisi ikipigwa na kuwataka waseme mpira unaelekea upande gani. Sauti fupi iliyosikika pamoja na pigo iliwafanya wakawie sehemu ndogo ya sekunde na kukosea zaidi. Sehemu hiyo ndogo, mbele ya upanga, ni kubwa.

Historia ina mfano ambao kila mpenzi wa sanaa hizi anapaswa kuujua. Katika himaya ya Satsuma, kusini mwa kisiwa cha Kyushu, mahali panapoitwa Kagoshima leo, Togo Shigekata, aliyefariki mwaka 1643, aliasisi mkondo wa upanga unaoitwa Jigen-ryu. Zoezi lake kuu halina mapambo. Nguzo ya mti husimikwa ardhini. Mwanafunzi hushika gongo la mti mgumu, hulinyanyua juu kando ya sikio la kulia, hukimbia na kuipiga nguzo kulia na kushoto bila kusimama, na wakati wote huo hupiga ukelele mmoja mrefu, mkali, wa kupasua hewa, ambao Wajapani waliuita mlio wa nyani. Kanuni ya jadi ni mapigo 3,000 asubuhi na 8,000 jioni. Pigo la kwanza ndilo la mwisho. Hakuna mpango wa pili. Ukisikia ukelele huo unaelewa kwamba yule anayeutoa hajabakiza hata chembe ya nia ya kujihifadhi, na hilo humtisha adui kuliko ukubwa wa sauti.

Koo linaniuma na sauti inanipwelea baada ya mazoezi. Nifanye nini?

Unatumia koo badala ya tumbo. Rudia zoezi la kiganja lililoelezwa mwanzoni mwa sehemu hii, punguza sauti kwa nusu kwa majuma kadhaa, na kunywa maji ya kutosha. Usinong'one ukidhani unapumzisha sauti, kwa sababu kunong'ona kwa nguvu nako huchosha nyuzi za sauti. Sauti ikiendelea kupwelea kwa zaidi ya majuma matatu, mwone daktari, maana kulazimisha nyuzi za sauti kwa muda mrefu huweza kuziotesha vinundu. Walimu huathirika zaidi kuliko wanafunzi, kwa kuwa huhesabu, huamuru na kupiga ukelele saa nzima.

## Kiai katika sanaa mbalimbali

Kwa nini watu wa kendo hupiga kelele kuliko wote?

Kwa sababu katika kendo ukelele umeingia ndani ya sheria. Kanuni za mashindano zinataka pigo halali liwe na ari iliyojaa na mkao sahihi, ligonge sehemu iliyowekwa ya mwili kwa sehemu iliyowekwa ya upanga wa mianzi huku upande wa makali ukielekezwa sawasawa, na lifuatwe na zanshin, yaani uangalifu unaobaki baada ya pigo. Ari hiyo iliyojaa haina kipimo kingine ambacho mwamuzi anaweza kukitumia kwa haraka isipokuwa sauti. Pigo lililotua vizuri bila sauti huachwa lipite, hata kama kila mtu ukumbini ameliona.

Sehemu zinazopigwa ni nne: kichwa ("men"), kifundo cha mkono ("kote"), ubavu ("do") na koo, ambalo huchomwa ("tsuki"). Mpiganaji hutaja jina la anapopiga wakati uleule anapopapiga. Mtazame anayekwenda kwa men. Kwanza hutoa ukelele mrefu wa kujikusanya, akiwa bado mbali. Kisha kimya. Mguu wa kushoto unasukuma, wa kulia unakita sakafu ya mbao, upanga unagonga kinyago, na "men!" inatoka. Vishindo vitatu, yaani mguu, upanga na sauti, vinasikika kama kimoja. Sauti haikatiki hapo: inaendelea, "meeen", huku mwili ukipita ubavuni mwa mpinzani, hadi mpigaji ageuke na kusimama tayari tena. Wenyewe huuita umoja huo "ki-ken-tai-ichi", ari, upanga na mwili kuwa kitu kimoja. Waamuzi ni watatu, na bendera mbili zikipanda pointi imepatikana.

Jambo moja hushangaza wengi: mpiganaji akishangilia pointi yake kwa kupunga ngumi hewani, waamuzi wanaweza kuifuta. Ukelele wa pigo unatakiwa, wa majivuno haukubaliki. Naona kanuni hiyo ni ya busara sana, kwani anayeshangilia ameshaacha kumwangalia mpinzani wake.

Kutaja sehemu ninayopiga si kumtangazia mpinzani mpango wangu?

Ingekuwa hivyo kama jina lingetamkwa kabla. Linatamkwa pamoja na pigo, na wakati huo mpinzani hana tena nafasi ya kulitumia. Kutaja jina kuna faida nyingine: kunamfunga mpigaji kwenye uamuzi wake. Huwezi kupapasa huku na huku kisha ukadai ulikusudia kilichogongwa. Hata hivyo, si mabingwa wote wa zamani waliokubali kupiga ukelele pamoja na pigo. Tazama swali juu ya Miyamoto Musashi, bingwa wa upanga wa Japani ya kale.

Katika kata za karate, kwa nini ukelele uko mahali maalumu?

Kata ni mfululizo wa mapigo na vizuizi dhidi ya wapinzani wa kuwaziwa, na ukelele huwekwa pale ambapo mfululizo mmoja unafikia kilele chake. Katika Heian Shodan ya Shotokan, mmojawapo wa mikondo ya karate, kata ya kwanza kwa wanafunzi wengi, kuna miondoko 21 na ukelele mara mbili: katika mwondoko wa 9, kizuizi cha juu cha tatu, na katika mwondoko wa 17, ngumi ya tatu mfululizo. Ukiangalia vizuri utaona kwamba mara zote mbili mtu amesonga mbele hatua tatu, na ya tatu ndiyo inayomaliza.

Kata nyingi za Shotokan zina ukelele mara mbili, lakini Wankan ina mmoja tu. Mikondo mingine huuweka mahali tofauti katika kata ileile, kwa hiyo mwanafunzi anayehama asishangae wala asibishane.

Na katika mashindano ya karate?

Katika kumite, yaani pambano la watu wawili, kanuni za shirikisho la dunia, WKF, hazitaji ukelele kama sharti linalojitegemea, bali zinataka umbo zuri, mwenendo wa kimichezo, utekelezaji wenye nguvu, uangalifu, wakati mwafaka na umbali sahihi. Kiai ni njia ya kawaida ya kuonyesha kwamba utekelezaji una nguvu. Tatizo lililozuka ni wachezaji kupiga ukelele baada ya kila pigo, hata lililokosa, wakijaribu kumshawishi mwamuzi. Mwamuzi mzoefu hashawishiki, na mwanafunzi anayefundishwa hila hiyo anapotezewa muda.

Katika kata, kanuni hizo huhesabu kuwa kosa kutumia ishara za sauti zisizofaa, kama kukita miguu ovyo, kujipiga kifua au mikono, kuipigisha sare mwilini au kutoa pumzi kwa kelele ya kujionyesha. Kiai cha kweli hakimo katika orodha hiyo. Aliyeitazama fainali ya kata ya wanaume ya Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, anaikumbuka sauti ya Ryo Kiyuna wa Okinawa ndani ya Nippon Budokan, ukumbi uliokuwa hauna watazamaji kwa sababu ya janga la korona. Alitwaa dhahabu. Ukumbi mtupu haufichi kitu, na sauti ile ilisimama peke yake.

Vipi judo, aikido, iaido na kyudo?

Judo ya mashindano ni kimya kwa kiasi kikubwa, na kuropoka maneno ya kumdhalilisha mpinzani au mwamuzi huadhibiwa. Ukelele umebaki katika baadhi ya kata zake, hasa Kime no Kata, ambamo mapigo ya mkono na ya silaha huambatana na sauti. Katika aikido hutegemea mwalimu. Iaido, sanaa ya kuchomoa upanga, hufanywa kimya katika mifumo ya kawaida. Kyudo, upigaji wa upinde, pia ni kimya, ingawa kulikuwa na desturi ya kale ya "yagoe", sauti inayoandamana na mshale unapoachiliwa.

Kimya hicho si ukosefu wa kiai. Tazama swali la kiai kisichosikika.

Taekwondo nao wana kiai?

Wana "kihap", ambalo huandikwa kwa alama zilezile mbili na kutamkwa Kikorea. Maelezo ya mwili na pumzi yaliyo hapo juu yanawahusu pia.

## Historia

Miyamoto Musashi alisema nini kuhusu ukelele?

Katika kitabu chake "Gorin no Sho", yaani Kitabu cha Pete Tano, alichokimaliza mwaka 1645, mwaka aliofariki, Musashi aligawa sauti za vita katika tatu: ya kabla, ya katikati na ya baada. Mwanzoni mwa pambano sauti iwe kubwa kabisa. Katikati iwe ya chini, itokayo tumboni. Baada ya ushindi iwe kubwa tena. Akazungumzia pia pambano la mtu na mtu. Mpiganaji ajifanye anapiga huku akitoa "ei" ili kumtikisa adui, kisha pigo la kweli lifuate nyuma ya sauti. Ukelele wa kutangaza ushindi huja baada ya kukata. Lakini kupiga ukelele mkubwa pamoja na upanga wenyewe, hilo hakulifanya.

Msomaji ameshaona kwamba hilo ni kinyume cha kendo ya leo. Sioni haja ya kuzilazimisha kauli hizi mbili zikubaliane. Musashi alifikiria adui anayetaka kumuua, na kwake sauti ilikuwa chombo cha kuvuruga mapigo ya wakati wa mtu mwingine. Kendo ya sasa humlea mtu, na kwake sauti ni ushahidi wa umoja wa ndani. Anayefanya mazoezi kwa bidii ajaribu njia zote mbili na kujionea tofauti.

Je, ukelele uliwahi kupigwa marufuku?

Ndiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati Japani ilipokuwa chini ya majeshi ya Washirika, kendo ilizuiwa kwa kuhusishwa na ari ya kijeshi. Wapenzi wake wakabuni mchezo ulioitwa shinai kyogi, ambao shirikisho lake liliundwa mwaka 1950, wenye mavazi mepesi zaidi na alama zinazohesabiwa kama michezo ya Magharibi. Ndani yake ukelele na kukita mguu vilikatazwa. Shirikisho la Kendo la Japani Yote liliundwa mwaka 1952, na mwaka 1954 mashirika hayo mawili yakaungana. Ukelele ulirudi. Inafaa kutafakari kwamba watu waliotaka kuonyesha kuwa sanaa yao si ya vita tena waliona jambo la kwanza la kuondoa ni sauti.

Zuio la pili lilikuwa la kiafya. Wakati wa korona, wapiganaji wa kendo walivaa barakoa ndani ya vinyago vyao na kutakiwa wasitoe sauti walipokuwa wamesukumana panga kwa panga, uso kwa uso. Mashindano makuu ya Japani ya mwaka 2020 yaliahirishwa hadi Machi 2021, yakafanyika Nagano chini ya masharti ya namna hiyo.

Kiai kinatokana na Uzen?

Hakuna haja ya kusema hivyo, ingawa vinafanana. Katika Ubudha wa Zen kuna ukelele wa "katsu", uliohusishwa hasa na mwalimu wa Kichina Linji, aliyefariki mwaka 866, ambaye Wajapani humwita Rinzai. Aliutumia kukata mawazo ya mwanafunzi aliyezama katika maneno. Inasimuliwa kwamba aliugawa mara nne: ukelele ulio kama upanga wa thamani, ulio kama simba anayenyemelea, ulio kama fimbo ya kupimia kina, na ule usiofanya kazi ya ukelele hata kidogo. Wapiganaji wa Japani waliosoma Zen walizijua habari hizi. Lakini watu waliotumia mikuki na panga walipiga ukelele bila kusubiri kufundishwa na mtawa.

## Mambo ya pembeni

Naona haya kupiga ukelele mbele ya watu. Nitazoea?

Utazoea, na haya hiyo ni sehemu ya mazoezi yenyewe. Wengi wetu tulifundishwa tangu utotoni kwamba mtu mwenye adabu hapayuki, na wasichana waliambiwa hivyo kwa ukali zaidi. Anayepiga ukelele wake wa kwanza wa kweli mara nyingi hushtuka mwenyewe, kisha hucheka, na wachache hulia. Mwalimu asimkejeli wala asimlazimishe. Njia inayosaidia ni kupiga ukelele wote kwa pamoja kwa hesabu, ili sauti ya mmoja ifunikwe na za wenzake, kisha watu wapunguzwe kidogokidogo hadi abaki peke yake.

Mtu asiyeweza kusema au kusikia anaweza kuwa na kiai?

Anaweza. Kiini ni pumzi na nia, na vyote viwili anavyo. Mwenza anayefanya naye mazoezi huhisi tofauti kati ya shambulio lenye nia na lisilo nayo hata akiziba masikio. Mwalimu amfundishe kwa kiganja tumboni, na waamuzi waarifiwe kabla ya shindano.

Kiai kisichosikika ni nini?

Katika lango kuu la kusini la hekalu la Todaiji, Nara, wamesimama walinzi wawili wa mbao wenye kimo cha zaidi ya mita 8, waliochongwa mwaka 1203 na Unkei, Kaikei na wasaidizi wao. Mmoja amefungua kinywa, anasema "a". Mwingine amekifunga, anasema "un". Hizo ni sauti ya kwanza na ya mwisho, pumzi inayofunguka na inayofungika. Mtazame aliyefunga mdomo: misuli ya tumbo lake imekaza vilevile, macho yake ni makali vilevile. Hajapungukiwa na kitu.

Kiai kisichosikika ndicho hicho. Mpiga upinde aliyeuvuta na kutulia anacho. Wazee wa kendo wanapokabiliana wanaweza kusimama muda mrefu bila kupiga, kisha mmoja akarudi nyuma hatua moja bila kuguswa, na wote wanajua nani ameshinda. Lakini anayeanza asiikimbilie hatua hii. Kimya cha asiyewahi kupiga ukelele mara nyingi ni woga tu.

Je, mtu anaweza kuangushwa kwa kiai bila kuguswa?

Hapana. Simulizi za wakongwe walioangusha ndege kwa sauti zipo na zinapendeza, lakini hazijathibitishwa. Nchini Japani alikuwako mwalimu mmoja aliyejulikana kwa kuwaangusha wanafunzi wake kwa mbali, na mbele ya kamera wanafunzi hao walianguka kweli. Alipokubali kupambana hadharani na mpiganaji asiyekuwa mwanafunzi wake, alipigwa vibaya kwa muda mfupi. Siamini kwamba wanafunzi wale walikuwa wakidanganya kwa makusudi. Mtu anayemheshimu mwalimu wake kupita kiasi hujifunza kuanguka kabla hajajua anaanguka. Mwalimu anayekuahidi uwezo huo anakuweka hatarini siku utakapouhitaji.

Ukelele utanisaidia nikivamiwa njiani?

Mara nyingi ndiyo, kwa sababu tatu: hukurudishia pumzi uliyoibana kwa hofu, humkawiza mvamizi kidogo, na huwaita watu. Ya tatu ndiyo kubwa. Lakini chagua neno. Katika miji yetu, "mwizi!" likitamkwa sokoni au kituoni linaweza kumuua mtu kabla ukweli haujajulikana, na huyo anaweza kuwa mpita njia asiye na hatia. Piga ukelele wa "nisaidieni!" au "niache!", kisha kimbia.

Ninafunga Ramadhani. Niendelee na mazoezi ya ukelele?

Koo kavu huumia haraka, kwa hiyo mchana fanya kutoa pumzi kwa nguvu bila sauti, ukiangalia wakati wake na mkazo wa tumbo. Ukelele wenyewe uache hadi usiku, baada ya kufuturu na kunywa maji. Waliofanya hivyo mwezi mzima hurudi na ukelele mfupi na mzito zaidi, kwa kuwa wamekaa siku 29 au 30 na pumzi peke yake.